Programu ya zamani isitupwe kabla haijasomwa

Bwana Mhariri,

Tafadhali utupatie nafasi katika ukurasa wa barua tuseme jambo linalokula fedha za wenye biashara, zahanati na shule hapa Lubumbashi, na wengi wao hawajui linatokea wapi.

Depo inaajiri kijana atunze programu ya mauzo ambayo mwandishi wake amekwisha kuhamia Kolwezi au ng'ambo. Kijana anafungua mafaili, anayatazama siku mbili, kisha anamwendea patroni, mwenye biashara: "Papa, hii imeandikwa ovyo, heri tuanze upya." Patroni analipa. Miezi inapita, programu mpya inawashwa, na siku ya kwanza mama wa kese, anayepokea fedha za wateja, anakuta haijui kupokea faktire (ankara, wangesema wenzetu wa Tanzania) inayolipwa nusu kwa dola na nusu kwa franka. Ile ya zamani ilijua. Ujuzi huo ulikuwa ndani ya mistari ambayo hakuna aliyeisoma.

Sisi tunaoandika barua hii kazi yetu ni kutunza programu zilizoandikwa na wengine. Tunasema kwa uzito wote kwamba kusoma msimbo, yaani yale maandishi ambayo mashini inayafuata, ni ufundi wenye taratibu zake, na unafundishika. Darasani kijana anafundishwa kuandika programu ndogo kuanzia karatasi tupu. Kazini karatasi tupu ni nadra. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuata wanaprogramu 78 nchini China kwa jumla ya saa 3,148 za kazi, ukakuta takribani asilimia 58 ya muda wao inakwenda katika kuelewa programu zilizopo. Patroni anayeajiri mtu "wa kuandika" ajue kwamba zaidi ya nusu ya mshahara huo inalipia kusoma.

Na kusoma huko hakufanani na kusoma gazeti lako, ambalo mtu huanzia juu akashuka. Watafiti waliopima mwendo wa macho, matokeo yao yakatoka mwaka 2015, walikuta kwamba hata wanafunzi wapya wanarukaruka zaidi kwenye msimbo kuliko kwenye maandishi ya kawaida, na mabingwa wanarukaruka kuwazidi. Anayeanza mstari wa kwanza wa programu yenye mistari 40,000 akikusudia kufika wa mwisho atachoka kabla hajaelewa chochote.

Msomaji hodari anafanyaje? Mtafiti Ruven Brooks alieleza mwaka 1983: anaanza na dhana juu ya kazi ya programu, kisha anatafuta alama za kuithibitisha au kuivunja. Mgeni anayeingia Lubumbashi akiliona lile bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, na kilima cha mabaki ya madini pembeni yake, anajua yuko upande gani wa mji hata kama hajui jina la avenyu moja. Msimbo nao una mabomba yake ya moshi. Mistari mitatu inayobadilishana thamani mbili kwa kupitia ya tatu, ndani ya kitanzi (amri zinazorudiwa tena na tena) kilicho ndani ya kitanzi kingine, inamwambia mzoefu kwamba hapa vitu vinapangwa kwa mfuatano, kabla hajasoma neno jingine. Nambari 0.16 karibu na jumla ya faktire inamwambia mfanyabiashara wa Kongo kwamba hapa inahesabiwa TVA ya asilimia 16, kodi ya ongezeko la thamani tuliyo nayo tangu Januari 2012. Mtu asiyeijua nchi hii angeona desimali tu.

Mfano huo unagusa jambo alilolionyesha mtafiti Nancy Pennington mwaka 1987. Msomaji wa msimbo anajenga picha mbili kichwani. Moja ni ya mashini: thamani hii inazidishwa, inahifadhiwa, inarudishwa. Nyingine ni ya mambo ya watu: mteja, deni, kodi, mali iliyo stoo. Walioelewa vizuri zaidi walikuwa wale waliokwenda na kurudi kati ya picha hizo mbili. Kijana wetu mara nyingi ana ya kwanza peke yake.

Kabla ya kuisoma programu, iendeshe. Nakili programu pamoja na hifadhidata yake, yaani ghala la rekodi zake, ziweke kwenye mashini yako, na usiguse kamwe zile zinazotumika dukani. Kazi hii peke yake inaweza kula siku mbili, na patroni asizihesabu kuwa siku zilizopotea. Programu ya zamani iliyoandikwa kwa lugha ya PHP, toleo la 5, huenda inazungumza na hifadhidata kwa amri zinazoanza na mysql_, na amri hizo ziliondolewa kabisa katika PHP 7.0 iliyotoka Desemba 2015. Ukiiweka juu ya toleo jipya inagoma, mara nyingi kwa skrini nyeupe isiyo na neno, na asiyejua anatangaza kwamba programu imekufa. Weka toleo la zamani kwanza, ione ikitembea, ya kuihamisha yatakuja baadaye.

Hakikisha pia kwamba msimbo ulio mkononi mwako ndio ule unaotumika dukani. Tunalisisitiza hili kwa sababu linaangusha watu wengi. Mwandishi wa zamani alirekebisha kitu usiku moja kwa moja kwenye seva, akasahau kukirudisha katika nakala yake. Wewe unapewa nakala hiyo, unaisoma juma zima, na tabia unayoitafuta haimo. Linganisha mafaili ya pande zote mbili kwa amri ya diff kabla ya kusoma mstari wowote. Ni kazi ya dakika chache.

Halafu tazama majedwali ya hifadhidata, bado msimbo usubiri. Kwa kila jedwali uliza maswali mawili: lina rekodi ngapi, na ya mwisho ni ya tarehe gani? Jedwali lenye rekodi 200,000 zinazoongezeka kila siku ni moyo wa programu. Ambalo rekodi yake ya mwisho ni ya 2019 huenda ni kiungo kilichokufa, na msimbo unaolihusu unaweza kuuacha nyuma. Jedwali tupu nalo lina habari: kuna jambo lililopangwa likaachwa njiani.

Ukishaujua moyo uko wapi, chagua kazi moja tu na uifuate tangu kitufe hadi jedwali. Tuseme kutoa faktire. Chukua maneno yanayotokea kwenye skrini kazi ikimalizika, kwa mfano "Facture enregistrée" (faktire imehifadhiwa), uyatafute kwa amri ya grep katika folda zote. Faili lenye maneno hayo ndilo mwisho wa njia. Rudi nyuma kutoka hapo: ni nani aliyeiita fanksheni hii (kipande cha msimbo chenye jina na kazi yake), na huyo aliitwa na nani, hadi ufike kwenye kitufe. Folda inaweza kuwa na mafaili mia tatu na njia yako ikapita katika saba au manane tu. Andika kila moja kwenye karatasi pamoja na namba ya mstari. Unapojikuta unabahatisha, simamisha programu mahali hapo kwa kifaa cha kuchunguza makosa uone thamani zilizopo. Kama kifaa hakipo, ongeza mstari mmoja unaoandika thamani kwenye faili la logi, kisha bonyeza kitufe.

Tukae kidogo kwenye faktire, maana ndipo programu za kwetu zinapowatega wasomaji. Bei zimewekwa kwa dola, mteja analipa kwa franka, na taux ya siku, yaani kiwango cha kubadilisha dola kwa franka, inabadilika. Swali la kuuliza msimbo ni hili: taux imehifadhiwa ndani ya rekodi ya faktire, au inachukuliwa kutoka jedwali la taux kila mara faktire inapofunguliwa? Ikiwa ni hivyo vya pili, faktire ya mwaka jana ikichapishwa tena leo itatoa kiasi kingine cha franka, na hesabu za mwaka hazitakaa sawa. Usibahatishe. Kwenye nakala yako, chapisha faktire moja ya zamani, badilisha taux, chapisha tena, weka karatasi mbili pamoja.

Swali linalofuata ni mahali inapofanyika arrondi. Hakuna anayerudisha sentimu kwenye kese, kwa hiyo mahali fulani kiasi kinakadiriwa, tuseme hadi franka 50 iliyo karibu. Bidhaa tatu za franka 1,220 kila moja: ukikadiria kila bidhaa kwanza unapata 1,200 mara tatu, yaani 3,600. Ukijumlisha kwanza unapata 3,660, na baada ya kukadiria ni 3,650. Franka 50 ya tofauti kwenye faktire moja. Ihesabu kwa faktire mia kwa siku. Uliza pia fedha zimehifadhiwa kwa namba za aina gani. Mashini haiwezi kuandika 0.1 kwa ukamilifu kwa sifuri na moja zake, ndiyo maana katika lugha nyingi za programu 0.1 kujumlisha 0.2 inatoa 0.30000000000000004. Tofauti ndogo namna hiyo zikirundikana, kese ya jioni hailingani na ripoti, na lawama inamwangukia mama wa watu ambaye hakuiba chochote.

Koma nayo. Katika desturi ya Kifaransa tuliyoizoea, 1,500 ni moja na nusu. Katika desturi ya Kiingereza, kama tulivyoiandika hapa juu, ni elfu moja na mia tano. Programu inayopokea orodha ya bei kutoka kwa muuzaji wa ng'ambo lazima iamue, na mahali inapoamulia hapo pasomwe kwa utulivu.

Majina ndani ya msimbo yanastahili daftari lake. Wengi hapa wanaandika kwa vifupisho vya Kifaransa: mt, tx, rem, arr. Aliyejifunza kwa vitabu vya Kiingereza anaona tx anadhani ni kodi ("tax"), kumbe ni taux. Katika programu ya nyumba za kupanga, jedwali linaloitwa "location" lina mikataba ya wapangaji, maana kwa Kifaransa neno hilo ni kupangisha. Msomaji wa Kiingereza analitafutia anwani. Utafiti mmoja wa mwaka 2017 uliwapa wanaprogramu wa kazini msimbo uleule wenye majina ya aina mbalimbali: penye maneno kamili walifanya kazi kwa kasi ya asilimia 19 zaidi kuliko penye herufi moja au vifupisho. Kwa hiyo jina likishajulikana maana yake kwa hakika, libadilishe liwe neno kamili. Kwa hakika, tunarudia. Jina linalodanganya ni baya kuliko herufi moja, kwa sababu herufi moja angalau inakulazimisha uulize.

Sasa kuhusu msimbo wa ajabu, ule unaomfanya kijana acheke. Mwaka 1984 watafiti Elliot Soloway na Kate Ehrlich walionyesha kwamba mzoefu anasoma haraka kwa sababu anatarajia desturi. Msimbo ukivunja desturi, anaporomoka hadi anakaribia usawa wa mwanafunzi. Ndiyo maana watu wenye uzoefu nao wanakasirikia kitu wasichokizoea na kutaka kukifuta. Fikirieni mstari usemao: mkoa ukiwa "Katanga", usiuchukue, angalia mji. Katanga kama mkoa haipo tangu 2015, nchi ilipotoka mikoa 11 ikawa na 26. Mtu anaona takataka ya zamani, anafuta. Lakini hifadhidata ina wateja walioandikishwa kabla ya hapo, na "Katanga" yao haiwezi kugeuzwa Haut-Katanga kwa mkupuo: wa Kolwezi ni wa Lualaba, wa Kamina ni wa Haut-Lomami, wa Kalemie ni wa Tanganyika. Ule mstari uliokuwa unachekwa ndio uliokuwa unapeleka barua zao mahali pake. Usifute kitu mpaka uweze kueleza kwa sentensi moja kwa nini kiliwekwa.

Kuna sehemu za programu ambazo hazionekani hata ukisoma mafaili yote. Hifadhidata inaweza kuwa na amri zake za ndani zinazojiendesha zenyewe rekodi inapoingia: unaona salio la stoo linapungua na hakuna mstari unaolipunguza. Ziorodheshe kwa amri ya SHOW TRIGGERS kama hifadhidata ni ya aina ya MySQL. Seva inaweza kuwa na kazi za usiku. Amri ya crontab -l inazionyesha, na iendeshe kwa kila jina la mtumiaji aliye na kazi pale, la sivyo utaona za kwako tu. Halafu saa. Lubumbashi, Goma na Bukavu ziko saa moja mbele ya Kinshasa. Zahanati ya hapa ikimpokea mgonjwa saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe mosi, Kinshasa bado ni saa tano na nusu ya mwezi uliopita. Ikiwa seva inafuata saa ya dunia, UTC, tofauti ni saa mbili kamili. Ripoti ya mwezi inapokataa kulingana, tazama saa ya seva kabla ya kutafuta kosa la hesabu.

Kuhusu kichwa chenyewe: mwanasaikolojia Nelson Cowan alipendekeza mwaka 2001 kwamba tunaweza kushika vitu vipatavyo vinne kwa wakati mmoja katika kumbukumbu ya kazi, ile tunayoitumia tunapofikiri. Fanksheni yenye masharti sita yaliyobebana haiingii. Ichore kwenye karatasi. Na patroni asimkatize anayesoma kila robo saa kumuuliza mambo ya printa, maana kila akirudi anaanza tena kujenga kile kilichobomoka.

Ikiwa mwandishi wa zamani alitumia Git, chombo kinachotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, una hazina. Amri ya git blame inaonyesha kila mstari uliingia lini, kwa mkono wa nani na katika badiliko lipi, na git bisect inatafuta badiliko lililoleta kosa kwa kugawa nusu kwa nusu: mabadiliko 1,000 yanahitaji majaribio kama kumi tu. Wengi hawakutumia. Utakuta folda "finale", "finale2" na "finale_bonne". Zipange kwa tarehe na uzilinganishe mbili mbili. Ni historia ileile, imeandikwa kwa taabu.

Utajuaje kwamba umeelewa? Siyo kwa kujisikia umeelewa. Chukua faktire 30 za kweli kutoka hifadhidata, uchanganye za kawaida na zenye kipunguzo, zilizorudishwa, za sarafu mbili. Kabla ya kubonyeza, andika kwa kalamu jumla unayotarajia. Kisha endesha. Pale ulipokosea ndipo penye somo la kesho. Na majibu hayo 30 uyatunze, kwa sababu siku utakapobadilisha msimbo utayaendesha tena kuona kama umeharibu.

Vijana wanatuuliza juu ya akili bandia. Inasaidia: ukiipa fanksheni ya mistari 80 inaweza kukueleza kwa Kifaransa safi inafanya nini. Lakini inaeleza kilichoandikwa; haijui taux ya depo yako ilikubaliwaje, na inaweza kukosea kwa sauti ya uhakika. Kila maelezo yake yapitie jaribio lile la faktire 30. Na usiipe hifadhidata yenye majina na simu za wagonjwa au wateja wa watu.

Mwenye majibu ya kwa nini mara nyingi ameketi mita tano kutoka kwako. Mama wa kese aliyetumia programu miaka minane anajua mambo ambayo hayakuandikwa popote. Nenda kwa heshima, keti pembeni yake saa mbili, usimfundishe kazi yake. "Mama, kwa nini hapa unaandika sifuri kabla ya namba?" Jibu lake laweza kukuokolea juma.

Mwanasayansi wa kompyuta Peter Naur wa Denmark alisema mwaka 1985 kwamba programu hasa ni uelewa ulio ndani ya vichwa vya walioijenga, na kwamba wakitawanyika programu inakufa, hata kama mashini bado inaiendesha. Tunamwamini kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo tunawaomba mapatroni: mkataba useme msimbo wote, pamoja na nakala ya hifadhidata na maneno ya siri, unabaki kwenu. Anayeondoka akae majuma mawili na anayeingia, alipwe majuma hayo, na mwenye kueleza awe yule mpya huku wa zamani akimsahihisha. Anayeingia apewe siku kumi za kusoma kabla ya kudaiwa kitu kipya. Akisema lazima iandikwe upya, amwonyeshe patroni kwanza orodha ya kila jambo ambalo programu ya zamani inalifanya. Asiye na orodha hiyo bado hajaisoma.

Na walimu wa chuo kikuu na wa taasisi za hapa mjini, tunawaomba mtihani mmoja tu kwa mwaka usio na kuandika. Mpeni mwanafunzi mistari 300 ya mtu mwingine, mashini na saa tatu. Aulizwe programu inafanya nini, itatoa jibu gani kwa data hizi tano, na ni mstari upi angeogopa kuufuta, na kwa nini.

Wenu katika kazi,

Wanaprogramu watunzao programu za wengine,
Lubumbashi, Haut-Katanga